Kiwanja Tabora: Muuzaji Akigeuka, Mahakama Hutoa Nini?

Umelipa nusu ya bei ya kiwanja Isevya au Kanyenye. Mara muuzaji anapata mteja mwenye dau kubwa, anakukana. Ufanyeje?

Kwanza tazama karatasi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, haitambui makubaliano ya mdomo matupu. Hutaka maandishi na saini ya yule unayemdai. Ukiwa nayo, omba amri ya kutekeleza mkataba, upewe kiwanja chenyewe. Fidia chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba iombe kama mbadala. Kurudishiwa fedha peke yake ni hasara iliyofichwa: shilingi ya miaka mitano nyuma hainunui tena kiwanja kile.

Lakini mbio za kwanza ni za zuio, kiwanja kisihamishwe shauri likiendelea. Hati ikishaandikwa jina la mnunuzi mwingine asiyejua lolote, huenda ukaambulia fedha tu. Madai ya mkataba yana miaka 6, usilale.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakuuliza eneo lenyewe ni lipi. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji imetuachia miembe mizuri, ila "kuanzia mwembe hadi barabarani" si maelezo ya kutosha. Andika namba ya kiwanja na kitalu.

Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hutaka ridhaa ya mwenzi. Kabla ya kuhesabu noti, omba na saini ya mama mwenye nyumba.