Dereva wa Pamba Hulipwa Tripu, Foleni Huibeba Mwenyewe

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, barabara za vumbi za kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, hujaa malori. Pamba mbegu hukusanywa kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), Fuso zikaisomba hadi viwanda vya kuchambua. Marobota ya nyuzi nayo hupanda semi-trela kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, kwa hiyo dereva wa huku, kwa miezi hiyo michache, hana shida ya mzigo. Shida yake ni namna kazi yake inavyohesabiwa.

Katika usombaji wa aina hii, malipo yaliyozoeleka ni ya tripu: gari likishusha, dereva na utingo wanapata chao. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Dereva analipwa shilingi 32,000 kwa tripu. Anafika ghalani saa 12 asubuhi, upakiaji unaisha saa 5, saa 7 mchana yuko getini kiwandani, na kwa foleni iliyopo anamaliza kushusha saa 4 usiku. Usukani ameushika saa 2 tu. Tukihesabu hizo pekee, kila saa imemlipa shilingi 16,000, na atasifiwa kwamba kazi yake inalipa. Tukihesabu saa zote 16 alizokuwa na gari na mzigo wa watu, kila saa imemlipa shilingi 2,000.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huhesabu muda. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki; zinazozidi ni saa za ziada, na hulipwa mara moja na nusu. Saa za ziada zikijumlishwa humo, siku isivuke saa 12. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Dereva wa mfano wetu amevuka kikomo cha siku kwa saa 4, na mbili kati ya hizo ni za usiku. Kesho alfajiri anatakiwa ghalani tena, ingawa sheria inampa saa 12 mfululizo za kupumzika.

Tajiri wa gari atasema huyu si mwajiriwa, ni deiwaka tu, hana mkataba. Hoja hiyo haina nguvu anayoidhania. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa pale inapoonekana, kwa mfano, kwamba anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, anapewa vitendea kazi, au anamtegemea huyo kwa riziki. Lori lenyewe ni kitendea kazi. Tena shauri likifika mbele ya sheria na maandishi hayapo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira humwangukia mwajiri. Hata hivyo maandishi humwepusha dereva na mvutano huo, na mikataba ya maandishi ilikuwa miongoni mwa madai makubwa ya madereva walipogoma nchi nzima Aprili na Mei 2015.

Makato nayo yana mipaka. Taa ikivunjika au mzigo ukipungua, tajiri haruhusiwi kukata kwa hasira. Lazima kosa liwe la dereva, apewe nafasi ya kujieleza, makato yasizidi hasara halisi, wala yasivuke robo ya ujira wake. Akiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akiachishwa kazi isivyo halali, anazo siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai mengine, kama ujira usiolipwa, ni siku 60. Wengi husubiri msimu uishe, wakajikuta wamechelewa.

Malipo ya tripu si haramu. Kinachotakiwa ni mkataba wenye kiwango cha tripu pamoja na kiwango cha kusubiri baada ya saa kadhaa. Leo foleni ya kiwandani haimgharimu anayeisababisha, wala tajiri hana sababu ya kuilalamikia. Saa za kusubiri zikianza kulipiwa, tajiri atakuwa wa kwanza kupiga simu kiwandani kuuliza gari lake linashushwa lini.