Linki 1,000 au Linki Tatu? Soma Kabla ya Kutuma Pesa

Tuseme unauza vinyago vya mawe ya sabuni kule Tabaka, Kisii, na umefungua tovuti. Siku moja ujumbe unaingia kwa simu: "Tuma pesa leo tukupe linki 1,000, utakuwa wa kwanza Google." Ngoja kwanza. Usiweke PIN.

Linki ni njia ya kutoka ukurasa mmoja wa intaneti hadi mwingine. Mtu anagusa jina la duka lako kwenye tovuti nyingine, anafika kwako. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walieleza mbinu yao ya PageRank: kila linki ni kama kura, ila kura hazina uzito sawa. Ukurasa unaotajwa na kurasa nzito huwa na kura nzito. Na kura hiyo hugawanywa kati ya wote unaowataja. Ukurasa usiojulikana, unaotaja maduka elfu, utakupa makombo tu.

Si ndivyo tunavyofanya hata sisi? Ukitafuta fundi mzuri Keroka, huulizi watu mia pale stejini. Unauliza wawili watatu unaoamini kazi yao.

Kununua linki ili upande ni kinyume cha kanuni za Google. Aprili 2012 ilileta Penguin, na tovuti nyingi zenye linki za hila zikashuka. Tangu 2016, linki kama hizo mara nyingi hupuuzwa tu. Yaani pesa imeenda, na tovuti iko palepale.

Basi ufanye nini?

- Kama kuna hoteli au duka linalonunua vinyago vyako na lina tovuti, waombe waandike vimetoka kwa nani, na waweke linki.
- Andika ukurasa wenye faida: jiwe linavyochongwa, linavyopigwa msasa kwa maji, linavyong'arishwa. Mkulima wa chai Nyamira naye aeleze majani yanavyochumwa. Wageni na walimu hupenda kutaja kurasa za aina hiyo.
- Anayekuahidi nafasi ya kwanza, mwambie akuonyeshe linki zitatoka tovuti gani. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo.

Linki tatu za watu wanaokujua zinatosha kuanzia. Pesa ukishamtumia mtu usiyemjua, kuirudisha ni kazi ngumu.