KUJIFUNZA UPESI AO POLEPOLE: NJIA GANI NI BORA?



Kila mara egzameni inapokaribia tunasikia maneno mawili. Mmoja anasema: «Mie nasoma mara moja tu, usiku wa mwisho, na napita.» Mwingine anasema: «Kichwa yangu ni nzito, afazali niache masomo.» Sisi tunaona kwamba wote wawili wanajidanganya. Kushika somo ni jambo moja, kulitunza ni jambo lingine.

Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichunguza jambo hili kwa kujipima yeye mwenyewe, na kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri mpaka akazijua kwa kichwa, kisha akapima nini inabaki. Akaona kwamba kusahau kunakimbia sana mwanzoni: kisha saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Tena akaona hivi: kurudilia mstari wa silabi 12 mara 38, kwa kugawanya kazi hiyo ndani ya siku 3, kulimsaidia sawa na kuurudilia mara 68 kwa siku moja.

Basi, mwenye kukesha na taa usiku moja anatumika sana, lakini anapata kidogo. Asubuhi anajibu, ni kweli. Kisha juma chache, mwalimu anamuuliza formula ileile na yeye anaangalia plafon.

Lakini tusisifu upole bure. Kukaa masaa mawili mbele ya ukurasa mmoja, mawazo yako nyumbani, si kujifunza polepole. Ni kukaa tu. Na mwenye kushika upesi tusimzarau: yeye ana wakati zaidi wa kurudilia, kama anataka.

Njia ni hii: soma somo la leo jioni hii. Funga kaye, uliseme kwa mwenzako bila kuangalia. Kesho rudilia. Kisha juma moja, rudilia tena. Mwenye kufanya hivi, hata akishika polepole, atamupita mwepesi asiyerudi nyuma.

Na wewe ndugu yetu unayesema kichwa ni nzito, usifunge valizi yako bado. Anza leo jioni, ukurasa mmoja tu. Kesho uanze na uleule.