Mtunza Daftari la Watu Wote

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya siku za wino na karatasi, lakini nguvu yake haijapungua hata kidogo. Siku hizi daftari limehamia katika kompyuta. Mshahara wa mwalimu, michango ya mfanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, hati ya kiwanja, maelezo ya ugonjwa wa mama aliyelazwa hospitalini, na kodi ya mwenye duka, vyote vimeandikwa humo. Basi swali linalotupasa sisi wanachama na wafanyakazi kuliuliza ni hili: daftari hilo lashikwa na nani, na yeye afaa awe mtu wa namna gani?

Katika mashirika makubwa mtu huyo ana cheo chake. Huitwa Mkuu wa TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Mahali pengine huitwa Mkurugenzi. Yafaa tuondoe kosa moja mapema. Wengi wakisikia neno "habari" humdhania kuwa ni Afisa Habari, ambaye kazi yake ni kusema na waandishi wa magazeti na kulieleza shirika lake mbele ya umma. Hao ni watu wawili mbalimbali. Afisa Habari hushughulika na maneno yanayotoka nje. Mkuu wa TEHAMA hushughulika na taarifa ambazo kwazo shirika lenyewe laishi: zakusanywaje, zawekwa wapi, nani aruhusiwa kuzisoma, na zamfikiaje kiongozi kwa wakati ili aamue jambo kwa haki.

Cheo hiki si cha zamani. Mwaka 1981 William Synnott, aliyekuwa mtumishi wa benki katika mji wa Boston huko Marekani, pamoja na mwenzake William Gruber, walitoa kitabu kilichoeleza kwamba taarifa ni mali kama fedha ilivyo mali, na kwamba mali hiyo yastahili kuwa na mkuu wake anayekaa pamoja na wakuu wengine wa shirika. Kabla ya hapo mtu wa kompyuta alihesabiwa kuwa fundi wa chumba cha nyuma, anayeitwa mashine inapoharibika tu. Mwaka 1996 Marekani ikatunga sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge Clinger na Cohen, ikizitaka idara kubwa za serikali yake kuwa na mtu wa cheo hicho. Serikali ile ilikuwa ikitumia fedha nyingi sana kununua mitambo, na alitakiwa mtu mmoja wa kuulizwa.

Hapa kwetu Tanzania safari hiyo nayo imekwenda. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaleta Mamlaka mahali pake. Tangu mwaka 2017 Serikali ina mfumo wa kielektroniki wa kupokea malipo yake, ambao humpa mwananchi namba ya malipo kabla hajatoa shilingi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Mambo haya si mchezo wa mafundi. Ni mambo ya utawala, na kila lililo la utawala ni letu sote.

Kazi za Mkuu wa TEHAMA twaweza kuzipanga katika mafungu manne. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ni kweli. Kompyuta haina aibu; ikiandikiwa uongo itautoa uongo huo ukiwa umepigwa chapa vizuri, na watu watausadiki kwa kuwa umetoka katika mashine. Jina la mfanyakazi likikosewa herufi moja siku ya kuajiriwa, aweza kuhangaika miaka mingi baadaye siku ya kudai kiinua mgongo chake.

Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba shughuli haisimami. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika vibaya katika Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo ndiyo mtihani wa Mkuu wa TEHAMA. Aliyejiandaa huwa na njia ya pili, na watumishi wake hujua la kufanya mkono kwa mkono. Asiyejiandaa huwaambia wananchi maneno mawili tu, "mtandao hakuna", nao hurudi makwao na nauli imekwisha.

Kazi ya tatu ni ulinzi. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Ufa ambao wezi walipitia ulikuwa umekwisha kutangazwa tangu mwezi Machi, na dawa yake kutolewa. Wezi wakaingia mwezi Mei, ufa ukiwa bado wazi. Haukukosekana ujuzi duniani. Ilikosekana bidii ya kuuliza, "Je, agizo limetekelezwa?" na kutotosheka mpaka jibu lipatikane. Mkuu wa TEHAMA wa kampuni hiyo aliacha kazi mwezi Septemba mwaka huo huo.

Kazi ya nne ni kununua kwa akili na kusimamia mikataba. Hapa ndipo penye mitego mingi. Muuzaji wa mitambo huja na picha nzuri na maneno matamu, na mara nyingine bahasha. Mtu dhaifu hutia sahihi mkataba unaolifunga shirika miaka kumi, likawa haliwezi hata kuzisoma taarifa zake lenyewe bila kumlipa mgeni. Shirika la namna hiyo lina bendera yake juu ya paa, lakini ufunguo wa ghala umo mfukoni mwa mtu mwingine.

Tutoe mfano wa jinsi jambo hili linavyoweza kuumiza watu. Mwezi Aprili, 2018, benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake zaidi ya milioni tano kutoka katika mfumo wa zamani wa kompyuta kwenda katika mfumo mpya, kwa siku chache za mwisho wa juma. Jumatatu ilipofika mambo yakavurugika. Watu wengi hawakuweza kuzifikia fedha zao wenyewe, na hali haikutengemaa sawasawa mpaka Desemba. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki wa nchi hiyo wakaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Mwezi Aprili, 2023, wakamtoza aliyekuwa Mkuu wa TEHAMA, Carlos Abarca, faini yake mwenyewe ya pauni 81,620.

Kosa alilohukumiwa latufundisha. Hakuambiwa kwamba hakujua kompyuta. Aliambiwa kwamba hakuchukua hatua za kutosha kuisimamia kazi ambayo benki ilikuwa imeikabidhi kwa kampuni nyingine, wala kujihakikishia kwamba wale walio nyuma ya kampuni hiyo walikuwa tayari kweli. Kazi yaweza kupewa mtu mwingine. Wajibu haupewi mtu mwingine. Wakili aliyewekwa juu ya nyumba ya bwana wake hawezi kujibu kwamba ghala liliungua kwa sababu alikuwa amemwachia jirani kulilinda.

Wala tusidhani kwamba somo hili ni la wageni peke yao. Kompyuta ya kwanza katika Serikali yetu iliwekwa Hazina mwaka 1965. Baadaye juhudi ya kuzihamishia hesabu za Serikali katika mitambo ilileta matatizo makubwa, mitambo ikiwa ghali na wataalamu wake wengi wakiwa ni wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa na kuondolewa, na haikosi watu wanaoicheka. Sisi hatuicheki. Twaona ndani yake uchungu wa nchi changa iliyonunua chombo kabla ya kumpata nahodha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kutuonya tusiiweke fedha mbele ya watu; na mashine nayo yastahili onyo lilo hilo.

Basi nani afaa kupewa kazi hii? Wengi watajibu, "Mwenye shahada kubwa ya kompyuta." Twakubali kwamba elimu ni lazima, kwa kuwa asiyeijua kazi hudanganywa na kila muuzaji. Lakini elimu ya mitambo peke yake haitoshi. Tumeona mafundi hodari wanaoweza kuufungua mtambo wote na kuurudisha, lakini hawawezi kumweleza mkurugenzi kwa lugha ya kawaida kwa nini fedha zitumike hapa wala si pale. Mkuu wa TEHAMA ni mkalimani kati ya watu wawili wasiosikilizana: fundi na mtawala. Asiyejua lugha ya mmoja wao atakuwa mkalimani wa uongo.

Sifa ya pili ni kuijua kazi ya watu wa chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfumo mpya wa hospitali usibuniwe ofisini pasipo kumsikiliza muuguzi wa zamu ya usiku, wala mfumo wa ghala pasipo kumsikiliza mtunza ghala. Wao ndio wajuao kwamba fomu ndefu haijazwi wakati mgonjwa anavuja damu. Mkuu anayewaita wafanyakazi wajinga kwa sababu hawautumii mfumo wake, kwanza ajiulize kama mfumo huo waweza kutumika. Hali kadhalika awaeleze wazi mfanyakazi gani kazi yake itabadilika, na mafunzo atayapata wapi, ili wasilione badiliko kama mwizi aliyeingia usiku.

Sifa ya tatu ni uaminifu. Mtu huyu aweza kuona mshahara wa kila mtu na siri ya kila mtu. Mwenye ulimi mrefu hafai, na mwenye mkono mrefu hafai zaidi. Sifa ya nne ni ushujaa wa kusema "bado". Viongozi hupenda kuzindua mambo katika tarehe iliyotangazwa, ngoma zikipigwa. Mtumishi mwoga atasema mfumo uko tayari hali ajua haukujaribiwa. Mtumishi mwema atasema, "Mheshimiwa, tupe miezi miwili," hata kama uso wa mheshimiwa utakunjamana.

Lakini haki ina pande mbili. Kiongozi anayemtaka mtu wa namna hiyo yampasa ampe nafasi katika meza ya maamuzi, tangu shauri linapoanza. Kumwita baada ya mkataba kutiwa sahihi, kisha kumlaumu mambo yanapoharibika, ni dhuluma. Pia ampe fedha za kutunza vitu, si za kununua tu. Na cheo hicho kisiwe zawadi kwa shemeji wala kwa mpambe. Wapo vijana wengi wa kike na wa kiume waliosoma hapa hapa nchini, na watumishi wa siku nyingi waliojifunza kazini. Wapimwe kwa haki, wapewe.

Twawaomba wanachama katika mikutano yao, na wafanyakazi katika mabaraza yao, waulize maswali matatu bila kuona haya. Taarifa zetu zatunzwa na nani? Mfumo ukilala, kazi itaendeleaje? Mkataba ukimalizika, taarifa zitabaki mikononi mwa nani? Wasikubali kuambiwa kwamba hayo ni ya kitaalamu mno kwao. Aliyezitoa taarifa hizo ni mwananchi, na aliyelipia mitambo ni yeye. Mtunzaji mwema wa daftari atayafurahia maswali hayo, maana yatampa nguvu ya kuifanya kazi yake. Na yule ambaye yatamkasirisha, atakuwa ametwambia jambo ambalo yafaa tulijue mapema.