Rufaa ya Kijamii: Nani Hugharimia Mahitaji ya Mgonjwa Nje ya Kliniki?

Mpagazi wa Kariakoo anayegundulika kuwa na kifua kikuu hupewa dawa bila malipo. Kwa kawaida huzimeza kila siku kwa miezi sita, nazo huponya. Hata hivyo, mtu anayelipwa kwa kila mzigo anaobeba hukosa kipato siku anayokwenda kliniki, na mwili uliodhoofu hauwezi kuinua gunia. Akikosa nauli na chakula, huenda akaiacha tiba njiani. Hapo daktari hana dawa ya kuandika. Kinachohitajika ni kumkabidhi mgonjwa kwa wenye uwezo wa kumsaidia mambo yasiyo ya kitabibu.

Kukabidhi huko ndiko kunakoweza kuitwa rufaa ya kijamii. Nchini Uingereza, mpango wa huduma za afya wa mwaka 2019 uliweka fedha za kuajiri waunganishi wanaowaelekeza wagonjwa kwenye vikundi na huduma za mitaani kwao. Tanzania haina kada yenye jina hilo, lakini kazi yenyewe si ngeni. WAMATA, iliyoanzishwa mwaka 1989, iliwapa watu wanaoishi na VVU na familia zao ushauri na msaada miaka mingi kabla ya dawa za kufubaza virusi kutolewa bure.

Je, fedha kidogo hubadili afya? Utafiti uliofanyika mkoani Shinyanga na kuchapishwa mwaka 2020 ulifuatilia watu wazima 530 walioanza dawa za VVU. Wote walipata huduma za kawaida. Baadhi waliongezewa shilingi 10,000 kwa mwezi, wengine 22,500, kwa sharti la kuhudhuria kliniki. Baada ya miezi sita, waliobaki katika huduma wakiwa na virusi vilivyofubazwa walikuwa asilimia 73 kati ya wasiopewa fedha, 83 kati ya waliopewa kiasi kidogo, na 86 kati ya waliopewa kikubwa. Shilingi 10,000 tu zilileta sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Vyanzo vya fedha vipo. TASAF hutoa ruzuku kwa kaya maskini, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkopo, hata hivyo, hurejeshwa; humfaa aliyekwisha kupata nguvu, si aliye kitandani. Miradi ya wafadhili nayo huja na kuondoka, kama kusitishwa kwa misaada ya Marekani mwaka 2025 kulivyodhihirisha.

Ugumu wa Kariakoo ni wa aina yake. Kaya za TASAF huibuliwa na jamii yenyewe, mahali watu wanapoishi na kufahamika. Mpagazi hushinda Kariakoo na huenda akalala Mbagala katika chumba cha kupanga, kisha akahama kodi ikimshinda. Mtaa anakofanya kazi haumhesabu kuwa mkazi, na mtaa anakolala haumjui. Anayehitaji rufaa zaidi ndiye asiye na anwani ya kuipokea. Mgonjwa wa saratani aliyetoka mkoani kwa mionzi ya wiki kadhaa Ocean Road hukabiliwa na shida inayofanana na hiyo: tiba iko hapa, ndugu na shamba viko mbali.

Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Nao umejengwa juu ya makazi. Kwa hiyo mhudumu wa kliniki za katikati ya jiji hana budi kumuuliza mgonjwa anakolala, si anakofanyia kazi pekee, na kuandika namba ya simu ya mtu atakayepatikana akihama.

Mgonjwa naye ana la kufanya mapema. Hospitali kubwa za umma zina maafisa ustawi wa jamii, ambao ndio hupokea maombi ya msamaha wa gharama. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa hurahisisha maombi hayo, na ni vyema ifuatwe wakati miguu bado ina nguvu. Kwa upande wa kliniki, rufaa haijakamilika karatasi inapotolewa. Hukamilika mtu anapopigiwa simu juma linalofuata na kuulizwa kama alipokewa.