Mshale wa Spidomita ya Beetle Yako Unadensi? Usikubali Fundi Akuuzie Mita, Anzia Hapa

Umeachiwa Beetle na mzae. Ama umeuziwa na jirani, umeipiga rangi, na kila msee mtaani anataka kupiga nayo picha. Shida ni moja tu. Ukifika 40, mshale unaanza kudensi: 30, 60, 45, 70. Mbele kuna karao na kibao cha 50. Utamwambia nini, ati mshale ndio ulikuwa na haraka?

Fundi wa kwanza atakushow ubadilishe mita yote. Tulia kwanza. Hiyo mita ndiyo imehesabu kila kilomita ambayo mzae alipiga, na kwa nyingi za zamani, chini kwa uso wake kumechapwa mwezi na mwaka zilitengenezwa. Ukiitupa, hiyo historia imeenda. Na mara nyingi makosa hata si yake, ni ya kebo.

Beetle iko na mambo yake. Magari mengi ya enzi hizo yanatoa spidi kwa giaboksi, lakini hii inatoa kwa gurudumu la mbele. Cheki zile kofia za grisi katikati ya magurudumu ya mbele. Moja iko na katundu ka mraba, na ncha ya kebo imetokeza hapo, imeshikwa na klipu ndogo. Gurudumu likizunguka, kofia inazungusha uzi wa ndani ya kebo mpaka kwa dashibodi.

Sasa fikiria huo uzi umekauka grisi ama umejikunja. Chini unazungushwa, katikati unakwama, unajisokota, halafu unaachilia kwa nguvu. Huko juu mshale unaruka. Kwisha, ndiyo siri yote. Na kama unaruka zaidi ukikata kona, angalia vile kebo imepita nyuma ya gurudumu, pengine inavutwa ama imebanwa.

Kupima ni rahisi. Fungua buti ya mbele, toa kile kikadi cha kufunika nyuma ya dashibodi, halafu fungua nati ya kebo kwa vidole. Piga jeki hilo gurudumu, weka stendi (jeki peke yake usiiamini, tafadhali), na ziba magurudumu ya nyuma na mawe. Beshte yako azungushe gurudumu pole pole huku ukiangalia ncha ya juu. Ikienda kwa kuruka, umepata mwizi. Isipoenda kabisa, cheki kama klipu imepotea ama katundu ka kofia kameliwa hadi kakawa mviringo.

Toa klipu, chomoa kebo kwa nyuma ya gurudumu. Kama uzi wa ndani unatoka, uoshe na petroli ukiwa nje, bila fegi karibu. Ukauke, halafu uviringishe juu ya meza iliyo sawa. Ukiviringika smooth, uko fiti. Ukirukaruka, umepinda, na hakuna grisi itauponya. Nunua kebo mpya. Pale Kirinyaga Road wanauza, lakini beba ile ya zamani mlinganishe urefu.

Hapa kwa grisi ndipo wengi huharibu. Paka nyepesi, kidogo sana, na ile sehemu ya juu, kama sentimita 15 hivi, iache kavu. Uzi ukizunguka unapandisha grisi kama skrubu, na ikiingia kwa mita ni noma. Mle ndani sumaku inazunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Grisi ikiingia katikati, kikombe kinashikwa na mshale unapanda ovyo. Hiyo springi usiiguse na bisibisi, pelekea fundi wa mita ama hata wa saa.

Ukirudisha, hakikisha kebo haina kona kali, na ule mpira wa kuzuia maji nyuma ya gurudumu umekaa vizuri. Maji ya mvua ndiyo huua kebo mpya.

Ukiingia barabarani, anayekaa kando yako ashike simu yenye GPS. Mshale ukitulia lakini unasoma 60 na simu inasema 50, hiyo si kebo tena. Cheki saizi ya tairi zako.