Seagram: utajiri wa wiski na mrithi aliyejua kufunga hesabu

Biashara ya wiski huanza kwa kulaza mtaji. Sheria ya Kanada inataka wiski ikae ndani ya mapipa ya mbao kwa miaka 3 au zaidi. Muda wote huo mwenye kiwanda analipia ghala na riba huku mzigo ukipungua kwa mvuke. Anayetajirika ni yule mwenye uwezo wa kusubiri.

Samuel Bronfman alilijua hilo. Alianzisha Distillers Corporation mjini Montreal mwaka 1924, akainunua Joseph E. Seagram & Sons mwaka 1928, na Marekani ikiwa bado imepiga marufuku pombe, yeye akazidi kujaza maghala. Marufuku ilipofutwa mwaka 1933, wengi walianza upya. Yeye alikuwa na wiski iliyokwisha kukomaa.

Alipofariki mwaka 1971, mali ilibaki mikononi mwa watoto. Edgar aliongoza kampuni akiwa New York. Mdogo wake Charles, aliyezaliwa mwaka 1931, alibaki Montreal, na huko ndiko alikokuwa mmiliki mkuu wa Expos, timu ya besiboli ya jiji hilo.

Mwaka 1981 Seagram ilijipatia zaidi ya asilimia 20 ya hisa za DuPont, na gawio lake likawa nguzo ya mapato. Mwaka 1995, chini ya Edgar mdogo, mjukuu wa Samuel, hisa hizo ziliuzwa kwa takriban dola bilioni 8.8, kampuni ikaingia kwenye filamu na muziki. Charles hakuridhika, lakini hakuzuia. Mwaka 2000 Vivendi ya Ufaransa iliimeza Seagram kwa kubadilishana hisa, na kufikia 2002 hisa za Vivendi zilikuwa zimeporomoka. Vinywaji viligawanywa: Chivas Regal na Martell zikaenda Pernod Ricard, Crown Royal na Captain Morgan zikaenda Diageo.

Hesabu nyingine ya Charles ilikwenda tofauti. Mwaka 1986 yeye na mkewe Andrea walianzisha taasisi ya hisani. Kutoka taasisi hiyo zilitoka filamu za dakika moja kuhusu historia ya Kanada, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1991. Mwaka 1999, pamoja na Michael Steinhardt, alianzisha Birthright Israel, inayowapeleka vijana wa Kiyahudi Israel bila malipo. Wakosoaji wanasema safari hizo hufumbia macho hali ya Wapalestina.

Taasisi ya Charles na Andrea ilijiwekea tarehe ya mwisho, ikatafutia miradi wafadhili wengine mapema, kisha ikafungwa mwaka 2016. Kampuni iliyokusudiwa kurithiwa vizazi na vizazi ilitangulia kutoweka. Miradi iliendelea, kwa kuwa fedha iliyokwisha kutolewa haikuwa tena kwenye hisa za Vivendi.